Kabla ya Kununua Mashine Nyingine

Katika mkutano wa mwisho wa kamati ya michezo ilipitishwa kwamba wanafunzi wa zamani waandikiwe barua na kuombwa mchango wa kununua mashine mpya ya gemu kwa ajili ya chumba chetu cha mapumziko, kwa sababu hii tuliyo nayo "imekufa". Mimi nilikuwapo, nikapinga, na kura yangu ilikuwa moja katika tatu zilizoshindwa. Mhariri amenipa nafasi ya kueleza hapa kwa kirefu yale ambayo kule nilipewa dakika mbili tu kuyasema. Nayaeleza kabla barua hiyo haijafika mikononi mwenu, ndugu zetu mliotutangulia, maana ni fedha zenu zinazoombwa. Tena kuna mwanafunzi wa mwaka wa pili anayeadhibiwa kwa kosa ambalo, kwa ninavyoona mimi, si lake hata kidogo.

Kwa wale wasiolijua shauri lenyewe, liko hivi. Mashine yetu ni PlayStation 4, ya aina ile iliyotolewa mara ya kwanza mwezi wa Novemba 2013. Tulipewa ikiwa imekwisha kutumika kwingine, nayo imetufaa kwa miaka mitatu. Tangu muhula uliopita imeshikwa na ugonjwa wa kuganda. Wachezaji wakimbia uwanjani, mpira uko hewani, mara picha yasimama kama picha ya ukutani. Sauti yarudia mlio mmoja au yanyamaza kabisa, na pedi haisikii tena. Haina budi izimwe kwa nguvu na kuwashwa upya. Siku moja iliganda wakati pedi iko mkononi mwa kijana huyo wa mwaka wa pili. Ikasemwa kwamba yeye ndiye aliyeiharibu, ati alikuwa akibonyeza kwa hasira kwa sababu alikuwa amefungwa mabao manne, na hapo hapo akakatazwa kuingia chumbani hata mwisho wa mwaka.

Basi nauliza. Kama yeye ndiye aliyeiharibu, mbona ilikuwa imekwisha kuganda mara kadhaa kabla yake, mbele ya wanafunzi wakubwa, wala hapana aliyekatazwa kitu? Na mbona imezidi kuganda tangu alipoondolewa? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: sisi wakubwa tuliona hukumu ile ni nyepesi kwa sababu haikutuangukia sisi.

Tangu siku ile nilianza kuweka daftari. Kwa majuma mawili niliandika kila jioni saa ambayo mashine iliwashwa, saa iliyoganda, mchezo uliokuwa ukichezwa, mahali katika mchezo huo, sauti ya feni, na kama umeme ulikuwa umekatika siku hiyo. Wengine walinicheka wakaniita karani wa gemu. Nawaambia kwamba daftari hili limenifundisha zaidi kuliko maneno yote ya mkutano. Mashine iliganda mara kumi na moja. Katika hizo, mara nane ilikuwa imekwisha kuchezwa nusu saa au zaidi, na feni yake ilikuwa ikivuma kama pikipiki inayopanda mlima. Mara tatu zilizobaki hazikufanana na hizo hata kidogo: zote zilikuwa katika mchezo mmoja wa magari, mahali pale pale pa kuingia katika daraja, na mojawapo ilitokea mashine imewashwa dakika tano tu, bado baridi.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. Watu wengi husema "inaganda" kama kwamba ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja. Sivyo. Kuganda ni kama homa. Ni dalili tu, na daktari asiyeuliza homa ilianza lini hatakusaidia. Mashine ikiganda baada ya kuchezwa muda mrefu na feni ikipiga kelele, shuku joto. Ikiganda mahali pale pale katika mchezo ule ule, shuku data ya mchezo huo. Ikiwa nzito kila mahali, hata katika orodha ya kuchagua michezo, na ukisikia ndani yake mlio kama wa kucha juu ya meza, shuku diski kuu. Ikizimika yenyewe ghafula, bila kuganda kwanza, tazama joto tena, kisha tazama umeme, soketi na waya wake. Kwa mujibu wa daftari langu sisi tuna magonjwa mawili, wala hakuna hata moja linaloletwa na mabao manne.

Nianze na joto. Ndani ya mashine kuna chipu kubwa inayofanya hesabu zote za mchezo, nayo hupata moto kama pasi. Feni huvuta hewa kwa ubavuni, huipitisha juu ya vipande vya bati vilivyokaa karibu na chipu, kisha huitoa kwa nyuma ikiwa ya moto. Kazi yote ya kupoza ni hiyo. Sasa, mashine yetu tumeiweka wapi? Katika kabati la mbao lenye mlango na kufuli, lililotengenezwa ili isiibwe, na kwa nyuma lina tundu moja la kupitisha nyaya, ambalo halitoshi hata ngumi yangu kupita. Hewa ya moto inayotoka kwa nyuma hugonga ubao, huzunguka, na kuvutwa tena kwa ubavuni. Mashine yavuta pumzi yake yenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, wasema wazee, na sisi kinachoila mashine yetu tumekifunga kwa kufuli na ufunguo tumempa Bruda.

Sikutaka kusema hivyo kwa kudhani tu. Kwa ruhusa ya Bruda, jioni nne mfululizo mlango wa kabati uliachwa wazi na mashine ikavutwa mbele kiasi cha shubiri moja kutoka ubao wa nyuma. Ilichezwa mpira saa mbili kila jioni, isigande hata mara moja. Jioni ya tano tuliirudisha ndani na kufunga mlango kama desturi. Ikaganda baada ya dakika arobaini hivi. Jioni ya sita mlango wazi tena, na haikuganda. Wenzangu wa darasa la fizikia watatambua kwamba nilibadili jambo moja tu na mengine yote nikayaacha kama yalivyo. Ningaliifuta vumbi, nikabadili waya, nikahamisha soketi na kufungua mlango siku moja, mashine ingepona nami nisingejua imeponywa na nini.

Tena mashine yenyewe ilikuwa imekwisha kusema. Mara mbili iliandika juu ya kioo cha televisheni, kwa Kiingereza kinachosomeka, kwamba ina joto mno na izimwe mpaka ipoe. Waliokuwapo walibonyeza kitufe ili maandishi yaondoke wakaendelea kucheza. Hao ni wanafunzi wa miaka ya juu, wengine wao wanapata alama nzuri sana za Kiingereza.

Joto lina rafiki yake, nalo ni vumbi. Udongo wa wilaya yetu ni wa volkano, na katika miezi ya kiangazi, tangu Juni hata Agosti, vumbi lake jeusi huingia hata ndani ya vitabu vilivyofungwa. Tangu Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba nyingi hapa mjini, sisi wenyeji hatuhitaji kukumbushwa tunaishi juu ya udongo wa namna gani. Vumbi hilo huvutwa na feni, hujishika katika vile vipande vya bati, na baada ya miaka huwa kama blanketi. Nikimulika kwa tochi kwa nyuma ya mashine yetu naona ukungu wa kijivu tu pale ambapo ningepaswa kuona bati. Kwa hiyo kufungua mlango wa kabati ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni kuisafisha.

Wapo wanaosingizia umeme, na hao nawaheshimu, kwa sababu umeme una sehemu yake. Lakini si sehemu waifikiriayo. Siku hizi wilaya yetu ina mtambo wa megawati 56 uendeshwao kwa gesi ya methane inayotolewa kilindini mwa Ziwa Kivu, na volti zikipanda au kushuka kidogo mashine za namna hii huvumilia. Hatari ni umeme kukatika ghafula wakati diski inapoandika, kwa maana faili hubaki nusu, kama barua iliyokatizwa katikati ya neno. Katika daftari langu umeme ulikatika mara mbili, na mara ya kwanza ilikuwa katikati ya ule mchezo wa magari. Kuganda kwake mahali pamoja kulianza kesho yake. Sisemi hilo ni thibitisho, lakini laelekea kuwa chanzo.

Kisha kuna wenzetu waliosoma jiografia kupita kiasi. Hao husema kosa ni la milima: Gisenyi iko mita 1,480 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo feni haina cha kusukuma. Hesabu yao ni ya kweli. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya saba. Lakini wamesahau nusu ya hesabu, yaani kwamba jioni hapa ziwani mtu huvaa sweta, na Mombasa hutoa shati. Nina hakika mashine ingepewa hiari ingechagua kukaa nasi, mradi isiwe ndani ya kabati.

Dawa za kienyeji nazo zataka kusemwa kidogo, maana zimejaribiwa zote katika chumba kile. Kuna aliyeipaka CD ya mchezo dawa ya meno akaisugua kwa fulana. Wazee wetu waliocheza PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, wataikumbuka dawa hiyo, nayo kwa mashine ile ilikuwa na sababu, kwa kuwa ilisoma mchezo wakati wote kutoka katika CD, na mkwaruzo mmoja ulitosha kuisimamisha. PlayStation 4 haifanyi hivyo. Mchezo wote hunakiliwa kwanza katika diski kuu iliyo ndani, na CD hubaki kazi ya kuonyesha tu kwamba mchezo ni wako. Ukiisugua kwa dawa ya meno utapata CD inayonukia vizuri, na mashine itaganda pale pale.

Dawa nyingine ni kuizima ikiganda, kuiacha dakika mbili, kuiwasha, kuizima tena, hata kutwa mara kumi. Hii nadhani ni mbaya kuliko zote, nami nina kisa cha kweli cha kuitolea ushahidi. Mwezi wa Novemba 2005 kampuni ya Microsoft ilitoa mashine iitwayo Xbox 360. Haukupita muda, nyingi zikaanza kuganda, kisha zikawasha taa tatu nyekundu na kunyamaza. Vijana wengi ng'ambo waligundua kwamba wakiizungushia mashine mataulo na kuiwasha ijipike yenyewe, ilifufuka. Walishangilia, na baada ya siku chache ilikufa tena, mara hii vibaya zaidi. Mwezi wa Julai 2007 kampuni ilitangaza kuongeza dhamana ya mashine zenye taa hizo kuwa ya miaka mitatu, ikatenga zaidi ya dola 1,000,000,000 kwa gharama hiyo. Mwaka 2021, katika filamu ya historia ya Xbox, ilielezwa kwamba viungio vidogo vya ndani ya chipu vilikuwa vikipasuka kwa sababu ya kupata moto na kupoa, kupata moto na kupoa, kila mashine iwashwapo na kuzimwa. Mashine yetu si ya aina hiyo, ila maumbile ya madini ni yale yale. Kila jioni tunayoipika katika kabati na kuizima kwa nguvu twaikaribisha kaburini, na siku ile kamati itakapokuwa na haki ya kusema imekufa, itakuwa imekufa kwa mikono yetu.

Sasa ule ugonjwa wa pili, wa mchezo wa magari. Huu dawa yake ni rahisi hata naona haya kwamba haijafanywa. Kwanza zinakiliwe katika flashi kumbukumbu za michezo yote, yaani pale kila mtu alipofikia. Kisha mchezo ule ufutwe katika diski kuu na kuwekwa upya kutoka katika CD yake. Kama bado utaganda, mashine izimwe kabisa, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe na kushikiliwa mpaka ulie mlio wa pili, kama sekunde saba hivi baada ya ule wa kwanza. Hapo mashine huamka katika hali ya usalama, na pedi yapaswa kuunganishwa kwa waya. Katika orodha inayotokea, chaguo la tano hupanga upya daftari la ndani ambalo mashine hulitumia kujua kila faili liko wapi, na halifuti mchezo wala kumbukumbu. Lakini chaguo la sita na la saba hufuta kila kitu. Nasisitiza hilo kwa sababu nawafahamu wenzangu. Wakiona orodha hupenda kujaribu ya mwisho.

Na ikiwa hata hayo hayakusaidia, huenda diski kuu yenyewe imechoka. Hata hivyo haitakuwa msiba. Diski yake ni ya inchi mbili na nusu, sawa na ile ya kompyuta ndogo ya kubebwa, na kitabu cha maelezo cha mashine chenyewe chaeleza namna ya kuibadili. Kifuniko cha juu huteleza kando, na skrubu moja ndiyo iishikayo. Hili namwambia hasa yule fundi wa mjini aliyeitwa na kamati, ambaye aliitazama mashine kwa dakika mbili, bila kuifungua, akasema bodi imekufa, na papo hapo akasema anayo nyingine ya kuuza.

Huenda msomaji akaniuliza, mashine mpya ina ubaya gani, nasi vijana twapenda vitu vipya? Haina ubaya. Lakini itawekwa wapi? Hakuna aliyesema katika mkutano kwamba kabati litabadilishwa. Mashine mpya ya bei kubwa itaingia katika sanduku lile lile, itavuta vumbi lile lile, nayo katika muhula wa pili au wa tatu itaanza kuganda, na barua nyingine itaandikwa kwenu. Na atapatikana mtoto mwingine wa mwaka wa kwanza au wa pili aliyekuwa ameshika pedi wakati huo. Darasa la fizikia halina vipimo vya umeme vya kutosha. Tunapokezana kimoja watu wanane. Kama moyo wa kutoa upo, na najua upo, basi mtusaidie huko.

Ninachoomba kwa kamati ni hiki. Ibadili neno "imekufa" katika kumbukumbu za mkutano. Mlango wa kabati uondolewe, na mahali pake pawekwe wavu wa chuma wenye kufuli, ambao mafundi wetu wa seremala waweza kuutengeneza kwa siku moja. Mwizi atazuiwa na hewa itapita. Pawe na saa za kupumzisha mashine. Ile barua ingoje mwezi mmoja. Na kijana wa mwaka wa pili arudishwe chumbani juma hili, si baada ya mashine kupona, kwa sababu ruhusa yake haikupaswa kufungamana na afya ya mashine tangu mwanzo. Daftari langu liko kwa Bruda. Aliye na shaka alisome, siku zote kumi na nne zimo na saa zake.

Kazi ya kuisafisha nimekubali kuifanya mimi pamoja na wenzangu wawili, Jumamosi ya umuganda, alasiri baada ya kazi za asubuhi. Brashi laini tunayo. Pampu ya mipira tutaazima kwa nahodha wa timu, maana kupuliza kwa mdomo huingiza mate, na tutaizuia feni kwa kidole isizunguke ovyo wakati wa kupuliza. Tunachokosa ni vitu viwili. Kimoja ni ule ute mzito wa kupitisha joto unaopakwa kati ya chipu na bati lake, ambao baada ya miaka mingi hukauka kama udongo. Cha pili ni bisibisi yenye ncha ya nyota na kitundu katikati, maana skrubu za nyuma hazifunguki kwa nyingine, na karakana yetu ina bapa na msalaba tu. Kama yuko mwanafunzi wa zamani aliye nazo hapa Gisenyi, au atakayepita mjini kabla ya siku hiyo, tafadhali aziache kwa bawabu wa lango la chini. Bisibisi tutairudisha Jumapili baada ya Misa.